Mwinkombo Yupi?

Mwaka huu nilirudi Tongoni kwenye maulidi, mwenzangu, na pilau ikanishinda kabla sijaitia mkono. Nitakueleza kwa nini. Darasa la tatu nililiachia mlangoni, kwa hiyo usingoje maneno ya mapambo.

Utotoni mwangu kina Mwinkombo tulikuwa wengi pale, na wala si wa tumbo moja. Ila watatu walikuwa watu hasa. Mmoja mchimba visima. Akitia udongo ulimini, akiutafuna kidogo, anatema: "Hapa chumvi. Sogeeni kwenye mnazi ule." Sikumbuki siku aliyokosea. Wa pili mkunga, bibi mfupi mwenye viganja vinavyonukia mafuta ya nazi. Nusu ya kijiji, mimi nikiwamo, alitupokea yeye. Wa tatu mpika halua. Akianza kusonga, harufu ya iliki ilituvuta mpaka uani kwake tukasahau kuni tulizotumwa. Siku moja Mwarabu mwenye mashamba kule Mwera alitaka apakuliwe upesi. "Ngoja, bwana," akaambiwa, wala uso haukuinuliwa. "Halua haimjui mwenye shamba." Yule bwana akakaa kwenye kibao, akangoja kama sisi.

Maulidi yetu yana desturi: yakishasomwa, mchana, kila nyumba huitwa jina ije ichukue sinia lake. Majina yakifanana, mgawaji huongeza kazi ya mwenye jina. "Mwinkombo wa Visima! Wa Ukunga! Wa Halua!" Wanainuka mmoja mmoja, watu wanawapisha njia. Mwaka aliokufa baba, mama alikuwa amekaa eda, nikatumwa mimi, mtoto wa kike wa miaka tisa hivi.

"Mwinkombo!" Nikasimama.

"Yupi wewe?" mgawaji akauliza. "Wa nini?"

Nikatafuna ncha ya kanga yangu.

"Wa kula!" jirani yetu akadakia, uwanja mzima ukacheka.

Machozi yakanijaa. Mchimba visima akaweka sinia lake chini. "Mwacheni mwanangu. Huyu ni Mwinkombo wa Bado. Kazi yake mtaiona."

Sinia nililibeba, lakini neno lile lilikuwa zito kuliko pilau. Nikaapa nitalivua. Nilisaga mtama mpaka viganja vikaota sugu. Nikaomba tanuri bovu, nikaliziba kwa udongo wa kisima, nikaoka mikate ya mofa. Ya kwanza iliungua. Jirani yule yule akauliza kama nauza vigae. Sikumjibu, nikaoka mingine. Miaka ikapita, watu wakaifuata kutoka Pangani, nyumba ya matofali nikajenga kwa mikono hii. Hatimaye mgawaji akaita, "Mwinkombo wa Mofa!" Mkunga, wakati huo anatembelea mkongojo, ndiye aliyeanza kupiga kigelegele.

Sasa visima vimefukiwa, mabomba yamekuja. Halua huletwa kwa pakiti kutoka mjini. Wajawazito wanakwenda zahanati, na ni kheri yao. Lakini nani leo atautia udongo ulimini kwa ajili ya maji ya wenziwe?

Mwaka huu mgawaji, kijana, alisoma kwenye simu yake: "Mwinkombo." Basi. Nikabaki nimekaa, nikingoja aongeze. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Hakuinuka mtu.

"Shikamoo, bibi. Si wewe?" akaniuliza. "Kwenye orodha jina hili ni lako tu."

Maisha yangu yote nimefanya kazi ili nikiulizwa yupi, niwe na jibu. Nikainuka, nikajishika kiuno. "Wa Mofa!" nikasema kwa sauti, ingawa hakuna aliyeuliza.