Kitufe kilipotea, nikarudisha skrini ya zamani

Jamani, leo bosi amenisifu mbele ya wavuvi!

Nawaandikia barua pepe mafundi wenzangu wote kwa mpigo kabla laini ya simu haijakatika.

Mnajua natengeneza programu ya kupokea samaki kwenye kiwanda cha minofu hapa Mwanza. Jana jioni niliipamba skrini: maandishi makubwa, rangi mpya. Kwenye kompyuta yangu ilipendeza kweli.

Asubuhi Mama Koku, karani wa mzani, akaniita.
"Dada, kitufe cha kuhifadhi kiko wapi?"

Hakipo! Kompyuta yake ina kioo kidogo, kwa hiyo kitufe kimesukumwa chini, nje kabisa ya skrini.

Na pale ufukweni mitumbwi imejaa sangara, jua linapanda, barafu inayeyuka.

Bosi akaja amefura.
"Utachukua muda gani kuitengeneza?"
"Siitengenezi sasa, bosi. Narudisha ile ya zamani."
"Si umeshaifuta?"

Hapo ndipo nilipojisikia! Mimi sigusi programu kabla sijaweka kwenye disketi nakala ya ile inayofanya kazi. Nikachomeka disketi, nikanakili, nikawasha upya.

Kitufe hicho hapo!

Mama Koku akapiga kigelegele, akaanza kupima. Bosi akawageukia wavuvi.
"Huyu binti ndiye fundi wetu. Leo haozi samaki hata mmoja."

Nilitamani mama yangu angekuwepo asikie.

Haya, semeni ukweli: ninyi huko mnaweka nakala, au mnamwachia Mungu?