Ukimya wa Uzi Uliokatika

Wewe unayejiita mpenzi wa jazi, umewahi kusikiliza santuri moja mpaka mwisho bila kufungua mdomo?

Nauliza kwa sababu nimechoka. Mjomba wangu ni fundi makochi. Mchana anagonga misumari katika chumba chenye harufu ya gundi, jioni anapiga gitaa. Unyenyekevu hana. Ukimsifu mara moja anajisifu mara tatu, kisha anakulaumu kwamba umemsifu kwa ubahili. Lakini vidole anavyo; hilo hata wanaomchukia hawabishi.

Ujanani walikuwa watatu: yeye kwenye gitaa, kaka wa mkewe kwenye besi, na kwenye ngoma bwana mmoja aliyebandikwa jina la Saa Mbovu, kwa kuwa huchelewa kila mahali isipokuwa kwenye mdundo. Walirekodi santuri moja tu. Katika wimbo wa mwisho, mjomba alipofika mahali patamu kuliko pote, uzi wa kwanza wa gitaa, ule mwembamba, ukakatika. Akashtuka, akanyamaza. Besi na ngoma zikaendelea zenyewe, naye akarejea mwishoni kufunga wimbo. Kanda ya kurudia haikuwepo. Pengo likabaki.

Basi ungewaona wajuzi! Mhadhiri wetu chuoni alimaliza kipindi kizima akilichambua pengo lile: eti ni ukimya wa makusudi, eti ni pumzi ya mtu aliyeonewa. Nikanyoosha mkono nikamwambia uzi ulikatika. Akanitazama kama niliyetema mate kwenye zulia lake.

"Hayo ni maelezo ya fundi," akasema. "Sisi hapa tunatafuta maana."

Mjomba mwenyewe ukimya huo ulimkwama kooni kama mwiba. Ile sehemu aliyokusudia kuipiga anayo hadi leo. Huipiga karakana, akingoja gundi ikauke, na akimaliza husonya.

"Huu ndio wimbo, mpwa wangu. Ule wanaousikiliza ni kikohozi."

Alitaka jambo moja tu kabla vidole havijakakamaa: wimbo ule urekodiwe mzima.

Mwaka huu akatokea Bwana Magodoro. Huyu aliuza magodoro mpaka akatajirika, kisha akaona haya kuitwa muuza magodoro, akafungua studio ili aitwe mlezi wa sanaa. Kuta zake amezifunika kwa magodoro yaliyomdodea. Alitaka wazee wale wairekodi upya santuri yao, kila kitu kama zamani, na kila wimbo upigwe mara moja tu, bila kurudia.

"Na uzi je?" mjomba akauliza.

"Uzi tutautoa, mzee wangu. Watu wananunua ule ukimya."

Nilitegemea ainuke aondoke. Badala yake kaka wa mkewe akamshika mkono. "Usitumwagie unga, shemeji. Nani mwingine atatuita? Sisi tumebaki kutolewa vumbi tu."

Mjomba akakubali. Nilimdharau, sifichi. Jogoo mwenye makelele yote yale, ameinamisha shingo anyonyolewe, na ahsante juu!

Siku ya kurekodi, ulipobaki wimbo wa mwisho, Bwana Magodoro aliutoa ule uzi wa kwanza kwa koleo, yeye mwenyewe, mbele ya wageni wake, mhadhiri wangu akiwemo. Wakapiga makofi. Watu wazima, wanaipigia makofi koleo! Kisha wakajifungia nyuma ya kioo na vinywaji vyao. Mimi nilibaki mlangoni, upande wa wapigaji.

Wimbo wa mwisho ukaanza. Nyuma ya kioo Bwana Magodoro akaanza kuwahutubia wageni, mikono yake ikiuchora ukimya hewani. Pengo likafika. Mjomba akauteremsha mkono wa kushoto mpaka karibu na tumbo la gitaa, akauminya uzi wa pili, maana huko chini nao hutoa sauti nyembamba za ule wa kwanza, akapiga. Ile sehemu yote, bila kupunguza nukta. Shemeji yake alifumbua macho. Saa Mbovu akacheka waziwazi, akakoleza mdundo. Nyuma ya kioo, fundi mitambo peke yake, mwenye spika masikioni, aliinua kichwa, akaniona, akakiinamisha tena.

Mhadhiri alitoka machozi yakimlenga. "Ule ukimya, mzee! Leo ulikuwa mzito zaidi."

"Ahsante, mwanangu," mjomba akajibu. "Niliutia chumvi kidogo."

Asubuhi yake nilikuwa karakana, namshikia mjomba kitambaa, Bwana Magodoro alipoingia bila hodi.

"Mzee, umenimaliza! Nimeisikiliza ile kanda..."

"He! Kumbe unasikilizaga?"

"Pengo liko wapi? Majalada yameshachapwa, yameandikwa UKIMYA, herufi kubwa kama hivi!"

"Mimi ningepigia nini, bwana? Uzi si uliutoa mwenyewe?"

"Basi nitaikata hiyo sehemu."

"Kata. Tulipiga pamoja kwenye kanda moja. Utaondoka na besi, utaondoka na ngoma, na wimbo wenyewe."

"Turudie leo, mzee wangu. Nakuomba."

"Mara moja tu, kama zamani. Maneno ya nani hayo?" Mjomba akachomoa msumari mdomoni, akaugonga. "Zamani hatukurudia."

 Bwana Magodoro akatafuta pa kukaa, akajitupa kwenye kochi ambalo mjomba alikuwa amelivika kitambaa juu lakini hajalifunga mikanda chini. Kitambaa kikaachia. Akapitiliza mpaka sakafuni, magoti yamegusa kidevu, viatu vinaning'inia. Nikataka kumvuta, mjomba akanizuia kwa jicho. Akalitoa gitaa nyuma ya mlango, akafunga uzi mpya, akaukaza bila haraka, akampigia ile sehemu. Na Bwana Magodoro, kwa kuwa hakuweza kuinuka, aliisikiliza mpaka mwisho.