Filamu Niliyoianika Juani

Mwaka ule sukari ilipotea Arua, tukanywa chai ya chumvi. Mimi bibi mwenye majivuno nikachukua kamera ya mwanangu, nikaenda kupiga picha za ndege katika msitu mdogo wa Mvara, wajukuu wajue naweza. Mvua ikatulowesha, mimi na kamera. Nyumbani nikaifungua, nikavuta filamu yote, nikaianika juu ya mwamba pamoja na muhogo.

Mwanangu alipoiona, alikaa chini.

"Mama, picha ya Amina iko humo. Ingine hakuna."

Amina, mkewe, tulikuwa tumemzika muda mfupi kabla. Jua lilikwisha kumfuta.

Kesho yake alileta filamu mpya. "Mama, kaa nikupige picha wewe."

"Sitaki sura yangu ibaki."

"Mama, tafadhali. Ya Amina haipo tena."

"Sitaki sura yangu ibaki."