Bushi Sita za Severini

Severini alikuwa mtu wa kufanya kila kitu polepole, hata kuchoka, na mwaka 1982 uchovu ulikuwa umemfika kwenye kope. Tulikuwa karakana moja hapa Morogoro, yeye kwenye tanuru, mimi stoo. Vipuri vya kutoka nje tulivisikia tu, basi tukajitengenezea wenyewe bushi, zile pete za shaba ambamo mhimili huzungukia, za mashine za kusaga. Unga wa shaba ulichanganywa na nta ya nyuki, ukashindiliwa kwenye kalibu. Halafu nta ikatolewa kwa moto mdogo, na moto mkali ukaushikamanisha unga.

Bushi moja ilikuwa ya mashine ya kijijini kwao, juu Uluguru. Mashine ile ilikufa kabla ya Pasaka, na mama yake, Bibi Yustina, akarudia kinu na bega lake bovu. Severini hakulalamika. Ila kila Jumatatu akitoka kwao nilimwona anasugua bega lake mwenyewe.

Msimamizi wetu, Bartholomeo, alikuwa na haraka ya maonyesho ya Saba Saba.

"Chochea moto! Wageni hawawezi kusubiri nta."

Moto ukachochewa. Nta ikachemkia ndani, bushi arobaini zikavimba na kupasuka. Unga uliobaki niliupima mwenyewe: wa bushi sita tu.

"Niachieni siku tatu," Severini alisema. "Mama akifinyanga chungu, hakitii motoni kikiwa kibichi. Anakiotesha kando ya moto kwanza."

"Hapa karakana, bwana, siyo jikoni kwa mama yako."

Lakini hakuwa na njia nyingine, akamwachia. Severini alizifukia bushi ndani ya majivu yaliyochekechwa, ili majivu yanywe nta, akapandisha moto kidogo kidogo. Kipimo chake kilikuwa pua: harufu ya nta ikiwapo, haongezi kuni. Siku ya tatu harufu ilikwisha. Akazihamishia kwenye sanduku lenye unga wa mkaa, akaziba kwa udongo, akawasha moto wa kweli. Zilitoka zote sita, zimenywea kidogo, nzima.

Bartholomeo akazibeba zote kwenye maonyesho. Ili zing'ae, akazipaka vanishi! Bushi ya aina ile hunywa oili kwa vitundu vyake vidogo. Yeye akaviziba vyote. Nilitukana siku nzima. Ziliporudi ilikuwa Agosti. Severini aliigeuza moja mkononi.

"Haya, Kibwana," aliniambia. "Tuanze tena."

Akaichoma vanishi kwa moto uleule wa subira, akazilowesha bushi kwenye oili ya moto.

Jumamosi tulipanda naye mlimani, mara yake ya kwanza kwenda kwao tangu kabla ya Saba Saba, bushi imefungwa kwenye leso. Alipoifunga mahali pake, mashine ilinguruma na kina mama wakapiga vigelegele. Bibi Yustina alikuwa amekaa kizingitini kwake, hakusogea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akampa mkono wa kushoto. Yule mama, ambaye Severini aliniambia aliwachapa wanawe wote kwa kupokea kitu kwa kushoto.

"Mama, wa kulia je?"

"Umekataa kuinuka tangu Saba Saba. Pokea huo huo, baba."

Severini aliupokea kwa mikono yake miwili, akapiga magoti, na hakuuachia mpaka mashine ilipozimwa.