Dawa ya Madoa ya Mzee Mwinyijuma

Mwinyijuma alikuwa dobi wa Makorora kwa miaka thelathini na minne, na mpaka leo akikutana na mtu barabarani humtazama kola kwanza, uso baadaye. Kazi aliiacha mgongo ulipokataa kuinamia karai. Mwaka uliofuata akafiwa na mkewe, Tausi, na hapo ndipo mabakuli yalipoanza kuja.

Yalitoka kwa majirani, mabakuli ya plastiki yenye mifuniko, ndani wali, mchuzi wa samaki, siku nyingine mihogo ya nazi. Shida haikuwa kula. Kula alikula, na vidole alilamba. Shida ilikuwa kurudisha. Mtaa ule bakuli la jirani halirudi tupu; unatia kitu cha mkono wako, kipande cha mkate wa kumimina, visheti, hata bamia ulizochuma uani. Mambo hayo alikuwa nayo Tausi. Mkate wa kumimina wa Mwinyijuma hata kuku waliupita.

Basi mabakuli akawa hayarudishi. Yalifika kumi na moja, kila moja na jina la mwenyewe chini kwa rangi ya kucha, yakimtazama kila alipofungua kabati kutafuta sukari. Aliona haya kwelikweli. Kula kila siku bila kurudisha kitu, kwake yeye, kulikuwa kulishwa sadaka, na sadaka hakuwahi kupokea. Akaapa kwamba likija jingine atasema ameshakula.

Siku aliyoyatoa ayarudishe yote kwa aibu moja, jicho lilimtua kwenye bakuli la Mastura, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Lilikuwa na doa la bizari la siku nyingi, limeingia mpaka ndani ya plastiki. Udobi ukamwamka. Alilipaka mafuta ya kupikia kwa kitambaa, akaliacha kidogo, akaliosha kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, maana ya moto sana huzidi kulizamisha doa. Akalisugua kwa ndimu na magadi. Kisha akalianika juu ya banda la kuku, tumbo wazi kwa jua, siku mbili nzima.

Mastura alipoletewa bakuli aligeuza, akasoma jina chini, akageuza tena.

"Mzee, hili langu kweli?"

"Lako."

"Doa umelitoaje? Mimi nilishakata tamaa."

Mwinyijuma angeweza kusema jua. Jua la Tanga, la bure, linalowapiga wote sawasawa. Lakini ulimi una mambo yake.

"Dawa," akasema. "Ya marehemu babu yangu wa Tongoni. Haisemwi."

Wiki haikwisha kabla mtaa mzima haujapata habari. Chakula kikaanza kuja ndani ya mabakuli mabovu kuliko yote, mengine mekundu ya nyanya, mengine ya njano ya bizari, na Mwinyijuma akayapokea kifua mbele. Sasa hakula cha bure, alikula ujira. Na ili dawa ionekane dawa, kila likiingia bakuli alifunga madirisha, akachukua kinu cha Tausi na kukitwanga kitupu, du, du, du, huku akikohoa kama mtu aliyepaliwa na unga wa mizizi. Kisha, akishahakikisha hakuna mtu uchochoroni, alinyata mpaka kwenye banda la kuku.

Mambo yalikwenda hivyo miezi mitano, mpaka masika. Jua likapotea siku tisa. Mabakuli manane yalikaa kando ya mlango, yamepakwa, yameoshwa, yamesuguliwa, na njano iko palepale. Mwinyijuma hakupata usingizi. Bila jua hakuna dawa, na bila dawa yeye ni mzee anayelishwa tu. Siku ya kumi, baada ya Alasiri, alichukua mwavuli akaenda kwa Mastura kuungama.

Alipiga hodi mara tatu. Mvua ya kwenye bati ilizimeza zote. Akaingia ukumbini taratibu, na kupitia mlango wa jikoni akamwona Mastura amekaa kwenye kigoda, bakuli jipya mapajani, jeupe pe. Alikuwa akilisugua kwa bizari na mafuta. Pembeni alisimama Leticia, mke wa fundi baiskeli, aliyehamia mtaani kutoka mashamba ya mkonge.

"Paka na huku pembeni, dada," Leticia alisema. "Doa la juzi lilikuwa jepesi mno. Akikosa kazi atarudi kulekule kushinda kitandani, kama alipofiwa."

"Nikizidisha akashindwa je?"

"Jua likitoka atalitoa. Kwani banda lake la kuku nani halioni?"

Mwinyijuma alirudi kinyumenyume mpaka nje. Kwanza alikasirika, akasimama kibarazani kwake na mwavuli uliofungwa huku akilowa. Kisha akakumbuka kinu. Miezi mitano ametwanga kinu kitupu, akakohoa, na wao upande wa pili wakisikiliza na kunyamaza. Kicheko kikamshika mpaka akaegemea mlango. Aliwapenda sana wakati ule, na alitamani Tausi awepo amsimulie.

Jumamosi jua likatoka. Mastura alileta wali mweupe wa nazi na changu wa kukaanga, mkavu, wala tone la mchuzi halikuwamo. Chini ya wali, bakuli lilikuwa la njano.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Alifunua, akanusa, akakwaruza ukingo kwa kucha.

"Bizari hii ya dukani?"

Mastura alirekebisha kanga begani.

"Imekaa sana, haina nguvu. Mwambie Leticia akienda sokoni aulizie bizari mbichi, ile inayoshuka kutoka milimani Amani. Kama mnanipa kazi, nipeni kazi."

Mastura alitazama wali, akatazama banda la kuku, akauma mdomo.

"Sawa, baba," akasema. Siku zote alikuwa akimwita Mzee.

Jumanne likaja bakuli la njano mpaka kwenye mfuniko. Mwinyijuma alikula, akafunga madirisha, akakitwanga kile kinu kitupu kwa nguvu zake zote, na upande wa pili wa ukuta akawasikia wanawake wawili wakicheka.