Monita Moja, Mawifi Wawili

Mimi ni fundi cherehani. Miaka yote ile cherehani yangu ilikaa barazani, mlangoni mwa ofisi ya kuchapa ya marehemu Ambrosi, hapa Lindi mjini. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba Skolastika alimpuuza mumewe. Wanaosema hivyo walikuwa makwao.

Ambrosi alikuwa karani wa shirika la umma. Shirika lilipouzwa naye akapunguzwa kazini, wenzake walinunua mabati kwa mafao yao. Yeye alikwenda Dar es Salaam akarudi na kompyuta mbili zilizokwisha tumika. Monita ya pili ilipasuka kabla hata ya kuvuka Rufiji. Hakulalamika. Alitafuta kisanduku cha swichi, akaunganisha monita moja, kibodi moja na printa moja kwa mashine zote mbili. Ukizungusha kitasa kwenye A, unaiona ya kwanza. Ukizungusha kwenye B, unaiona ya pili, na ile ya kwanza inaendelea kunguruma chini ya meza bila uso. Akamfundisha mkewe kuchapa, wakawa wanapokezana.

Kisha malaria ikampanda kichwani. Skolastika alimsihi waende hospitali, nilimsikia kwa masikio yangu. Ambrosi, mbishi kama nini, akasema anamalizia kwanza mitihani ya walimu. Alipokubali kuinuka, mambo yalikuwa yameharibika. Makaburini, dada yake Veronika alimgeukia wifi yake mbele ya watu wote: "Umekaa ukimtazama tu mpaka amekufa." Toka hapo hawakusemezana.

Sasa, kwa Wamakonde mali ya mwanamume ina wenyewe upande wa dada zake. Siku ya arobaini mjomba wao, mzee Likwata, alishuka kutoka Newala kuja kugawa. Kompyuta hakuwahi kuiona. Akatazama masanduku mawili, akasema moja la mjane, moja la Veronika. Alipoelezwa kwamba kioo ni kimoja, alifikiri kidogo, akaamua wakae meza moja mpaka kioo cha pili kipatikane. Nilicheka, wakanikata jicho. Lakini nilicheka kwa hasira. Watu wasiopeana hata salamu, unawafungia kwenye kitasa kimoja?

Skolastika akachukua A, Veronika B. Nilimuuliza Skolastika kwa nini asiuze sanduku lake akaenda zake kwao.

"Shemeji, nikiondoka watasema nimekimbia," alinijibu. "Nataka yeye mwenyewe aseme kwamba sikumuua kaka yake."

Hicho ndicho alichokingoja, wala si kingine.

Mwanzoni aliyesubiri zamu alikaa tu akitazama barabara. Siku moja Veronika, ambaye kuchapa alikuwa bado anajifunza, alishindwa na mwandiko wa katibu wa chama cha msingi cha korosho. Alikunja uso, akaisogeza karatasi dirishani, akairudisha. Skolastika akaichukua bila kumtazama, akaanza kusoma kwa sauti, na mikato akiitaja, na nukta akizitaja. Veronika akachapa. Kuanzia hapo ikawa desturi: mmoja anachapa, mwingine anamsomea. Asiposikia vizuri anasema, "Rudia," naye anarudiwa.

Kazi ikaenda mbio, wateja wakajaa. Na mimi barazani nikajua mambo ya mji mzima: nani anaomba kazi kwenye gesi Songo Songo, nani korosho zake zimekataliwa na mnunuzi, nani anaoa. Maneno ya watu yalipita kati yao kutwa nzima. Ya kwao wenyewe, hata moja. Nikawatania kwamba waandikiane barua wachapiane. Wakanikodolea macho wote wawili, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kuwaona wako upande mmoja.

Usifikiri Veronika hakuambiwa. Mimi nilimwambia, akanijibu kwamba nawatetea rafiki zangu. Lakini baadaye, Skolastika akiwa sokoni, alikuja mwalimu mmoja wa shule ya Sudi, mmoja wa wale wenye mitihani, akamweleza Veronika: wifi yako alilia, alimshika kaka yako mkono amwinue kitini, kaka yako akamwondoa. Veronika alisikiliza mpaka mwisho. Jioni nikatega sikio. Hakusema kitu, wala kesho yake, wala mwezi uliofuata. Nilimchukia, nasema kweli.

Halafu monita ikapatikana. Veronika aliifuata Mtwara, akairudisha ameipakata mapajani, imefungwa kanga. Chumba cha ofisi alikuwa amekwisha kipata mtaa wa Rasbura. Skolastika akatoka nje, akaketi kwenye benchi la wateja wangu.

"Anaondoka bila kulisema," akaniambia.

Nikaendelea kushona.

Ndani, Veronika alichomoa nyaya za B moja moja, akazikunja. Alipomaliza alikuja mlangoni. "Wifi," akaita, "washa yako. Nina kazi ya kuchapwa."

Skolastika aliingia, akaketi, akanyoosha mkono apewe karatasi. Veronika akasema hana karatasi. Akasimama ameuelekea ukuta, akaanza kutaja.

"Tangazo, nukta. Misa ya kumbukumbu ya marehemu Ambrosi itasomwa Jumapili, nukta. Anakumbukwa na dada yake Veronika, mkato, na mke wake Skolastika, mkato, aliyemuuguza mpaka mwisho, mkato, na ambaye hana kosa lolote, nukta."

Kibodi ilinyamaza.

"Rudia," alisema Skolastika.

Alikuwa amesikia. Mimi niliyekuwa nje nilisikia. Veronika akageuka kutoka ukutani, akamtazama usoni, akarudia polepole, mikato yote, mpaka kwenye nukta.