Jezi Nyekundu ya Tipene

Timu ya mkoa wetu iliuawa na mdogo wangu wa tumbo moja. Jezi ya kuiulia nilimvalisha mimi.

Usicheke kwanza.

Huku kwetu Te Rimu, New Zealand, kondoo ni wengi kuliko watu, na msimu ule wa raga hata kondoo walituonea huruma. Kila tulikokwenda tulipigwa.

Chama cha raga kikatoa neno: mkimaliza bila ushindi hata mmoja, mnamezwa na mkoa jirani. Jezi ya kijani aliyozikwa nayo Baba ndiyo basi tena.

Ikabaki mechi moja, nyumbani, dhidi ya jirani haohao. Mvua ikakata barabara. Wakafika kumi na wanne, na raga inataka kumi na tano.

Refa akasema, "Wasipotimia, ushindi wenu."

Nusura niruke kwa furaha. Nahodha wetu, Hōhepa, akanikata jicho.

"We Ānaru, mgeni akija kwako hana kijiko, unakula peke yako?"

Ndiyo desturi yetu: mgeni akipungukiwa, unamwazima mchezaji.

"Leo tu tuwe wachoyo, kaka!" nikamsihi.

"Wape mdogo wako Tipene. Si anaota kutu benchi?"

Kweli, hakugusa mpira msimu mzima. Nikamvalisha nyekundu ya wageni.

"Kaka, nicheze kweli au nizuge?"

"Uzuge, Mama yuko pale kwenye uzio? Atakuchapa mbele za watu!"

Tulicheza kufa na kupona. Dakika ya mwisho tunaongoza kwa pointi tatu, wazee wanalia kwa furaha. Mpira ukamponyoka Hōhepa. Tipene akaudaka, akaja upande wangu.

Nilimshika jezi. Ikachanika.

Trai, pointi tano. Kipenga.

Tipene alikaa chini na ule mpira, analia. Hōhepa akamwinua. "Umecheza vizuri, mdogo wangu." Kisha akaenda nyuma ya jukwaa kutapika.

Wageni tukawalisha kondoo na viazi vitamu, wakashiba.

Mwaka uliofuata hatukuwa na timu. Jirani walipotumeza, mtu wa kwanza kumwita alikuwa Tipene. Akakataa. Hajagusa mpira mpaka leo.

Ukimwazima mtu ndugu yako, jua umemwazima na moyo wake wote. Wema hauozi, ni kweli. Ila hakuna aliyeniambia kwamba unauma hivi.